Kutoka Masijala hadi Folda ya Pamoja: Umiliki wa Barua katika Ofisi za Umma za Bukoba na Muleba tangu 1890

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya swali moja la kiutawala katika eneo la Bukoba na Muleba, mkoani Kagera: barua inayoingia ofisini ni ya nani, ya mtu aliyeandikiwa au ya cheo anachokishika? Swali hilo limefufuka tangu ofisi za umma zianze kutumia baruapepe na, ndani yake, folda za pamoja zinazofunguliwa na watumishi zaidi ya mmoja. Makala yanadai kwamba folda ya pamoja ni jibu la pili kwa tatizo ambalo masijala ililijibu mapema zaidi, na kwamba jibu hili jipya limeleta wepesi lakini limepunguza ushahidi. Hoja inajengwa kwa kulifuatilia jalada la wilaya tangu boma la Wajerumani, kupitia utawala wa Waingereza na mabaraza ya Bakama, hadi mifumo ya sasa ya serikali mtandao. Migogoro ya ardhi inatumika kama kipimo cha gharama ya mabadiliko hayo.

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa Tanzania wamezoea kuandika kwa kuyatumia majalada. Ni nadra kwao kuandika kuhusu majalada yenyewe. Austen (1968), katika kazi yake kuhusu kaskazini magharibi mwa Tanzania chini ya Wajerumani na Waingereza, alitegemea kwa kiasi kikubwa karatasi zilizoachwa na watawala wa wilaya, na kila aliyemfuata katika kuandika historia ya Buhaya amepita njia hiyohiyo. Jalada limekuwa dirisha la kuchungulia yaliyopita. Anayechungulia dirishani hulitazama bonde na vilima, ila mbao za dirisha hazioni. Makala haya yanazitazama mbao.

Sababu ya kufanya hivyo sasa ni kwamba dirisha linabadilishwa. Barua za ofisi za umma mkoani Kagera, kama kwingineko nchini, zinapita zaidi na zaidi katika baruapepe, na ofisi zinazotaka watumishi kadhaa washughulikie barua zilezile hulazimika kufungua folda ya pamoja. Kwa maana inayotumika hapa, folda ya pamoja ni sehemu ya kuhifadhia barua ndani ya programu ya baruapepe ambayo mwenyewe amewaruhusu wenzake kuifungua, kila mmoja kwa kiwango chake: huyu asome tu, yule aongeze, mwingine afute. Jambo hilo huonekana la kiufundi, na mara nyingi huachiwa fundi wa kompyuta. Hata hivyo, anayeamua nani asome na nani afute anafanya uamuzi wa kiutawala ambao huko nyuma ulifanywa kwa waraka na kusimamiwa na karani mkuu wa masijala.

2.0 Boma na Uzi

Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Hakukuta nchi isiyo na kumbukumbu. Katika falme za Buhaya, zikiwamo Kiziba, Kianja, Ihangiro, Bugabo na Kyamutwara, koo mbalimbali zilikuwa na kazi za kurithi katika kikale, yaani makao ya Mukama, na ujuzi wa kila kazi ulikaa na ukoo uliokabidhiwa kazi hiyo. Kumbukumbu iligawanywa kwa watu, na mgawanyo huo ndio uliokuwa ulinzi wake: hakuna mtu mmoja aliyeweza kuipotosha yote. Mfumo huo haupaswi kuitwa masijala, kwa kuwa tofauti ni kubwa mno. Inatosha kusema kwamba swali la nani ajue nini halikuletwa na boma.

Boma lilileta karatasi. Kuanzia mwaka 1906 Bukoba ilitawaliwa kama residenti, mfumo ambao uliwaacha Bakama madarakani chini ya usimamizi wa ofisa wa Kijerumani. Maofisa wenyewe walikuwa wachache. Kwa hiyo, uzito wa uandishi uliwaangukia makarani na wakalimani, na Kiswahili kilichokuja na makarani hao kutoka pwani kikawa lugha ya mawasiliano kati ya boma na kikale. Utaratibu wa Kiprusia wa kutunza majalada ulikuwa wa kushona: karatasi zilipangwa kwa tarehe na kupitishwa uzi kando, jalada likawa kama kitabu. Kushona kulikuwa na faida moja kubwa, kwamba ukurasa haukuweza kuchomolewa bila kuacha jeraha. Hasara yake ni kwamba jalada lililoshonwa haligawanyiki, na anayelihitaji kwa barua moja hulazimika kulichukua lote.

Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliishambulia Bukoba kutoka ziwani, yakabomoa ngome na mtambo wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Wajerumani waliondoka kabisa. Kilichovuka kutoka utawala mmoja hadi mwingine hakikuwa karatasi tu. Kilikuwa pia watu. Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba, aliyeanza utumishi chini ya Wajerumani, aliendelea chini ya Waingereza na kuwa katibu wa baraza la Bakama. Ndiye pia mwandishi wa historia ya Kiziba kwa Kihaya. Kwa miaka mingi ofisa mgeni aliyetaka kujua jambo fulani liliamuliwaje zamani alikuwa na njia mbili, kufungua jalada au kumuuliza Lwamgira, na njia ya pili ilikuwa fupi zaidi. Hapa panaonekana udhaifu ambao makala haya yataurudia: ofisi inayotegemea kichwa cha mtumishi mmoja inampa mtumishi huyo mamlaka yasiyoandikwa popote.

3.0 Jalada Linalotembea

Masijala ya Kiingereza ilikuwa chombo cha kupunguza mamlaka ya aina hiyo. Ofisa wa wilaya alikaa kituoni kipindi kimoja, akaenda likizo Ulaya, na mara nyingi hakurudi kituo kilekile. Kwa hiyo, utawala ulihitaji kumbukumbu isiyokwenda likizo. Ndiyo maana kila wilaya ilitakiwa kuwa na kitabu cha wilaya, chenye maelezo ya koo, watawala, ardhi, desturi na matukio, na kila ofisa aliyeondoka alitarajiwa kumwandikia mrithi wake taarifa ya makabidhiano. Lakini kazi ya kila siku ilifanywa na jalada.

Mwenendo wa barua katika masijala unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mtumishi wa leo anayefungua folda ya pamoja anaurudia bila kujua, na anaporuka hatua hajui ameruka nini. Barua ilipofika ilipigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa na kuandikwa katika daftari la barua zinazoingia. Karani aliitafutia jalada lake kwa namba, akaitoboa kwenye pembe na kuifunga kwa uzi wenye vipande vya chuma nchani. Kisha aliipa namba ya folio: 1, 2, 3, kwa mfuatano usiovunjika. Upande wa pili wa jalada palikuwa na karatasi ya madokezo. Karani aliandika hapo kwamba folio ya 14 inaletwa kwa ofisa fulani, na tarishi akalipeleka jalada. Ofisa alisoma, akaandika dokezo lake chini ya dokezo lililotangulia, akatia herufi za jina lake na tarehe, kisha akalielekeza jalada kwa ofisa mwingine au kulirudisha. Kama jambo lilihitaji kungoja, aliandika siku ya kuletewa tena. Kama limekwisha, aliandika kwamba liwekwe. Kila safari ya jalada kutoka meza moja hadi nyingine iliandikwa katika daftari la mienendo, ili anayelitafuta ajue liko mezani kwa nani. Masuala ya siri yalikuwa na majalada yake, kabati lake na karani wake. Istilahi za leo za masijala ya wazi na masijala ya siri, dokezo na dokezo sabili, zinatokana na utaratibu huo.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, barua haikuwa ya aliyeandikiwa. Mwandishi aliandika kwa cheo, barua ikafunguliwa na masijala, na ofisa akaazimwa tu. Pili, kusoma kulikuwa tendo lenye saini. Ofisa hakuweza kusema hakuliona jambo wakati herufi za jina lake zilikuwa chini ya dokezo. Tatu, namba za folio zilikuwa kengele. Mtafiti anayefunua jalada na kukuta folio ya 22 ikifuatwa na ya 24 hajui ya 23 ilisema nini, lakini anajua ilikuwapo. Katika historia, pengo linalojulikana ni taarifa.

Kulikuwa na gharama pia. Jalada lina mwili mmoja, na likiwa kwa ofisa wa kilimo haliko kwa ofisa wa wilaya. Baada ya Bukoba kuunganishwa na Jimbo la Ziwa, mambo mengi yalihitaji uamuzi wa makao ya jimbo Mwanza, na barua zilivuka ziwa kwa meli, zikajibiwa, zikarudi kwa meli. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa nakala ya kaboni. Barua moja ilipigwa taipu kwa karatasi kadhaa zilizopachikwa kaboni, na chini yake pakaandikwa nani wengine wamepelekewa nakala. Mtumishi anayejaza leo mahali pa nakala katika baruapepe anatumia jina la karatasi ambayo pengine hajawahi kuishika.

4.0 Lukiko, Rufaa na Lugha ya Jalada

Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa Bakama nafasi rasmi katika utawala. Chini yao walikuwapo wakuu wa gomborora, na chini ya hao bakungu wa vijiji. Kila ngazi iliandika. Mahakama za gomborora zilikuwa na madaftari ya kesi, na kesi nyingi zilihusu ardhi: kibanja kilichouzwa bila idhini ya ndugu, mpaka uliohamishwa, mpangaji wa nyarubanja aliyetakiwa kutoa alichodai hakikuwapo zamani. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufaa ilipanda kutoka gomborora hadi Lukiko ya Mukama, kisha kwa ofisa wa wilaya na wa jimbo. Maana yake kwa hoja yetu ni kwamba hatima ya mdai ilitegemea kama maandishi ya chini yangefika juu, na kwa umbo gani.

Yalifika yakiwa yamebadilika lugha. Chini yaliandikwa kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kihaya. Bomani, dokezo la ofisa lilikuwa la Kiingereza. Barua ya mdai ilikaa upande mmoja wa jalada, na upande wa pili ikajadiliwa kwa lugha asiyoijua. Hata kama angeruhusiwa kulifungua jalada, nusu yake ingebaki imefungwa. Huu ulikuwa udhibiti wa ruhusa uliofanya kazi bila kufuli.

Udhibiti wa pili ulionekana katika malalamiko. Tangu Umoja wa Bahaya ulipoanzishwa mwaka 1924, wenyeji wa Bukoba waliojua kusoma na kuandika walikuwa wepesi wa kupeleka malalamiko ngazi za juu, hasa dhidi ya nyarubanja na baadaye dhidi ya kanuni za kilimo cha kahawa zilizozua ghasia za mwaka 1937. Utaratibu wa kawaida ulikuwa kwamba malalamiko yaliyopelekwa kwa Gavana yalirudishwa chini ili ofisa wa wilaya atoe maoni yake. Hivyo barua iliyomruka ofisa ilimfikia ofisa huyohuyo, ikiwa na majina ya walioitia saini. Masijala ililinda karatasi vizuri kuliko ilivyomlinda aliyeiandika. Wanaoisifu masijala ya zamani, na mwandishi wa makala haya yumo kwa kiasi fulani, hawana budi kulikumbuka hilo.

5.0 Majalada Yanayohama

Baada ya uhuru mabadiliko yalikuwa ya haraka, na hapa yatapitiwa kwa haraka pia. Idara ya Nyaraka za Taifa ilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule mamlaka ya watawala wa jadi yalipofutwa. Sheria ya mwaka 1965 ilianza kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Mwaka 1967 serikali iliagiza shughuli zake zifanywe kwa Kiswahili, na pande mbili za jalada zikaanza kuzungumza lugha moja. Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 yalivunja halmashauri za wilaya, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Katikati ya hayo vilikuja vita vya 1978 na 1979, vilivyoikalia nchi ya kaskazini ya mto Kagera, na baada yake Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina kuwa Kagera.

Kila badiliko lilihamisha majalada. Ofisi inapovunjwa kabati zake hurithiwa. Ofisi inapogawanywa kabati huzua ugomvi. Muleba ni mfano mzuri. Ihangiro ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba katika kipindi chote cha Waingereza, na mambo yake yaliandikwa katika mfuatano wa majalada ya Bukoba. Muleba ilipokuwa wilaya, jalada linalohusu Kianja na Ihangiro kwa pamoja halikuweza kukatwa vipande viwili. Ama lilibaki Bukoba, na ofisa wa Muleba akakosa historia ya jambo analoliamua, ama lilikwenda Muleba na Bukoba ikakosa. Kwa tatizo hili mahsusi folda ya pamoja ni ukombozi wa kweli: wilaya mbili zinaweza kuisoma barua ileile saa ileile. Ni haki kulikiri jambo hili kabla ya kuanza kulaumu.

6.0 Folda ya Pamoja

Wazo la kuwafungulia wengine kikasha cha barua lina umri wa miongo michache tu. Mark Crispin alibuni itifaki ya IMAP mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Stanford, nayo ilikuwa na sifa moja iliyobadilisha kila kitu: barua zilibaki kwenye seva badala ya kupakuliwa katika kompyuta ya mtu mmoja. Barua iliyo kwenye seva inaweza kusomwa na zaidi ya mmoja. Mwaka 1996 Microsoft walitoa Exchange iliyokuwa na folda za umma kwa matumizi ya ofisi nzima, na mwezi Januari 1997 yakachapishwa maelezo ya nyongeza ya IMAP kuhusu orodha za ruhusa. Maelezo hayo yalizitaja ruhusa kwa herufi: kuiona folda katika orodha, kusoma, kutunza alama ya kwamba barua imesomwa, kubadilisha alama nyingine, kuingiza barua, kutuma, kuunda folda ndogo, kufuta, na kusimamia ruhusa zenyewe. Mwaka 2005 yalirekebishwa, na ruhusa ya kufuta ikagawanywa, kwa kuwa ilibainika kwamba kuifuta barua na kuifuta folda nzima si jambo moja. Karani yeyote wa masijala angeweza kuwaambia.

Nchini Tanzania, mikongo ya baharini iliyofika pwani kuanzia mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa ulioendelea bara iliwezesha ofisi za mikoani kutegemea baruapepe kwa kazi za kila siku. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza mwaka 2012 na kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Serikali ilianzisha mfumo wake wa baruapepe na kuwataka watumishi waache kutumia anuani za binafsi kwa shughuli za umma. Baadaye ukaja mfumo wa ofisi mtandao, ambao kwa makusudi unaiga masijala: una jalada, dokezo na mwelekeo wa jalada kutoka meza moja hadi nyingine. Lakini ofisi haziishi ndani ya mfumo mmoja. Mashauriano mengi hufanyika katika baruapepe kabla jambo halijapewa jalada, na mengine hayapewi jalada kamwe. Ndiyo maana folda ya pamoja inahitaji kuchunguzwa peke yake.

Namna ya kuifungua ni rahisi, na urahisi huo ni sehemu ya tatizo. Mwenye akaunti huunda folda, huchagua kuishirikisha, huandika anuani ya mwenzake, humpa kiwango cha ruhusa, na mwenzake akikubali folda huonekana katika orodha yake kana kwamba ni yake. Hakuna waraka, hakuna saini ya mkuu wa idara, na programu nyingi hazimdai mwenye akaunti aandike kwa nini amefanya hivyo. Inafaa kuitazama hatua hii kwa kuilinganisha na mambo matatu yaliyotajwa katika sehemu ya 3.0.

La kwanza ni umiliki. Folda huwa ya akaunti iliyoiunda. Ikiwa akaunti ni ya jina la mtu, basi folda ya idara nzima imejengwa katika kiwanja cha mtu. Anapohamishwa, kustaafu au kufariki, na akaunti yake ikafungwa, folda hutoweka kwa wote walioshirikishwa siku hiyohiyo. Dawa inajulikana: folda iundwe katika akaunti ya cheo, na halmashauri nyingi zina anuani za namna hiyo. Hata hivyo, akaunti ya cheo isiyo na mgawanyo wa ruhusa huzaa desturi mbaya zaidi, ya nywila moja kuzungushwa miongoni mwa mkurugenzi, katibu muhtasi na msaidizi wake. Nywila ikizungushwa, kila tendo hubeba jina moja. Katika masijala, herufi za jina zilimtenganisha aliyesoma na aliyeamua. Katika nywila ya pamoja hakuna anayetengana na mwenzake, na siku ya uchunguzi wote wanaweza kusema si mimi. Folda ya pamoja ilibuniwa ili kuiondoa haja ya kugawana nywila. Mtumishi anayegawa nywila kwa sababu hajafundishwa kugawa ruhusa hastahili kulaumiwa peke yake.

La pili ni kusoma. Alama ya barua iliyosomwa katika folda ya pamoja inategemea mpangilio. Katika mipangilio mingine kila mtumiaji ana alama yake, na katika mingine alama ni moja kwa wote. Alama ikiwa moja, ofisa wa kwanza anayefungua barua kwa udadisi huiondolea wino mzito, na wengine wakiikuta hivyo hudhani imeshughulikiwa. Barua imesomwa na watu watano na haijajibiwa na yeyote. Masijala isingeruhusu hali hiyo kirahisi, kwa kuwa jalada lilielekezwa kwa ofisa mmoja kwa cheo chake. Waswahili husema mgeni wa wengi hulala na njaa, na barua ya wengi haina bahati zaidi ya mgeni huyo.

La tatu ni pengo. Barua za folda hazina folio. Hupangwa kwa tarehe, kwa mtumaji au kwa kichwa cha habari, jinsi msomaji anavyotaka, na mpangilio hubadilika kwa kubofya. Mwenye ruhusa ya kufuta akifuta, zilizobaki husogeleana bila jeraha. Seva inaweza kuwa na kumbukumbu ya tendo hilo kwa muda, lakini kumbukumbu hiyo iko kwa wasimamizi wa mfumo, haimo ndani ya folda, na mtafiti wa miaka thelathini ijayo hataikuta. Mjerumani alishona, Mwingereza alitia namba. Folda haifanyi lolote kati ya hayo mawili isipokuwa aliyeipanga ameinyima karibu kila mtu ruhusa ya kufuta. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo ruhusa pekee ambayo mkuu wa ofisi hapaswi kamwe kumwachia fundi aipange.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu majengo mengi Bukoba, zikiwamo shule za Ihungo na Nyakato. Jengo la ofisi likianguka karatasi hulowa, huchanika na kuchanganyika, ilhali barua iliyo kwenye seva ya mbali haiguswi na ukuta wa Bukoba. Ni kweli pia kwamba jalada la karatasi hufunguka hata umeme ukikatika. Kwa mkoa ambao kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Uganda, hilo si jambo la kuchekwa.

7.0 Miaka Kumi na Miwili

Kuna kipimo cha nje kinachoweza kuonyesha ukubwa wa jambo hili, nacho ni sheria. Kwa mujibu wa sheria ya ukomo wa madai ya mwaka 1971, anayedai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri. Sheria za ardhi za mwaka 1999 na sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002 ziligawa mamlaka kati ya halmashauri ya kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na Mahakama Kuu. Kila chombo kina kumbukumbu zake. Tuchukue mfano wa kubuni: mjane wa kijiji fulani wilayani Muleba anadai kwamba ofisi ya ardhi ilikwisha kuandika, miaka tisa iliyopita, kwamba mpaka wa kibanja cha marehemu mumewe unapita kwenye mrumba wa zamani. Ikiwa maandishi hayo yalikuwa folio katika jalada, anaweza kuambiwa liko au halipo, na kama halipo, pengo litaonekana. Ikiwa yalikuwa baruapepe katika folda iliyoundwa na ofisa ambaye tangu hapo amehamishwa mara mbili, jibu atakalopewa ni kwamba hakuna kumbukumbu. Jibu hilo litakuwa la kweli na la uongo kwa pamoja. Mdai wa Lukiko ya miaka ya 1930 alizuiwa na lugha. Yeye atazuiwa na akaunti iliyofungwa.

Sheria ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 haibagui karatasi na baruapepe: maandishi ya ofisi ya umma ni kumbukumbu ya umma kwa umbo lolote, na hayafutwi kwa hiari ya mtumishi. Tatizo haliko katika sheria. Liko katika hatua ndogo ya mtumishi anayebofya jina la mwenzake na kumchagulia kiwango, bila namba ya jalada, bila tarehe ya kuletewa tena na bila mtu wa kumkabidhi siku atakapoondoka. Mtumishi wa kumbukumbu, ambaye kazi yake kwa zaidi ya karne imekuwa hasa kuamua nani aone nini na kuandika nani ameona, mara nyingi hayumo chumbani wakati folda inapofunguliwa. Anaitwa baadaye, folda ikishajaa, aseme kipi kihifadhiwe.

Barua za kwanza za ofisi za Kagera zilizoandikwa katika mfumo rasmi wa baruapepe zitatimiza miaka 30 katika muongo wa 2040, umri ambao kumbukumbu za umma hutarajiwa kuwa zimefika nyaraka za taifa na kufunguliwa kwa watafiti. Mtafiti wa wakati huo ataomba kwa namba, kama tunavyoomba sisi majalada ya Wilaya ya Bukoba, na mtunza nyaraka atahitaji kujua ni folda ya ofisi gani, iliyofunguliwa na nani, kwa ruhusa ya nani. Kwa folda nyingi zilizopo sasa, kilichoandikwa juu yake ni jina ambalo mwenyewe alilichagua asubuhi moja akiwa na haraka.